Vitambaa Vinne Kizuizini

Nikosia, Kupro
Jumapili, 21 Juni 1987

Anti Wilkister,

Shikamoo. Uliniambia barua ya Kiswahili ianze kwa salamu ndefu, mpaka msomaji apate nafasi ya kuinjika chai na kurudi. Basi natumaini u mzima, Baba Bethuel mzima, na wale wazee wa Sundbyberg unaowaogesha kila asubuhi nao ni wazima. Mimi pia ni mzima, ila nimeshtuka, na sijapata wa kumwambia.

Kwa nini hakuna aliyenieleza kwamba mji huu umekatwa katikati?

Unakumbuka furaha yangu siku Bi Lindvall aliponipa kazi. Niwatunze watoto wake wawili majira yote ya joto, mumewe akishughulikia mabomba ya maji ya mji, na Jumapili ziwe zangu. Nilikuwa nimemaliza shule juzi tu, hata kofia nyeupe ya wahitimu wa Uswidi sijaizoea. Nikajiambia nakwenda kisiwani, nitaona bahari. Kumbe bahari iko mbali, mwendo wa saa nzima kwa teksi ya pamoja. Mji wenyewe umekaa katikati ya nchi kavu, nao umezungushiwa ukuta wa mawe wa zamani, duara kama gurudumu.

Bi Lindvall alinipa ramani. Nusu ya chini imejaa mitaa na majina. Nusu ya juu ni nyeupe. Nilidhani mashine iliishiwa wino. Jumapili iliyopita nikaifuata barabara ndefu ya maduka mpaka mwisho, nikakuta mapipa, mifuko ya mchanga, na mwanajeshi kijana ameketi kibandani. Nyuma yake barabara inaendelea, Anti! Maduka ni yaleyale na vibao ni vilevile, ila vioo vimevunjika na majani yameota mlangoni. Mbele zaidi inaonekana minara ya msikiti, na nguo za mtu zimeanikwa juu ya paa.

Yule mwanajeshi akasimama akanisemesha. Mimi nikafanya kama Mama alivyonifundisha. Nikatoa karatasi zangu, nikazishika kwa mikono miwili, nikaangalia chini, nikanyamaza. Alirudia maneno yake mara tatu, kisha akacheka akasema kwa Kiingereza, "Dada, nakuuliza tu kama umepotea."

Nilirudi mbio.

Wewe unaijua kanuni ya Mama. Kwenye kizuizi usiseme. Toa karatasi, tazama chini, ngoja. Baba yangu alichukuliwa kwenye kizuizi cha barabara ya Bombo kwetu Uganda mwaka 1981 kwa sababu alijibu. Mama alinyamaza, akaachiwa. Mimi nilikuwa bwenini, na hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Sasa habari njema kidogo. Mabasi ya hapa huanzia uwanjani, chini ya ukuta, na ukitaka kupanda njiani unapunga mkono. Mimi nilisimama njiani saa mbili nzima, mabasi yakawa yananipita. Ndipo kijana mmoja mweusi akavuka barabara akaniuliza nakwenda wapi, kisha natoka wapi. Nikasema Uganda.

"Jirani!" akasema kwa Kiswahili. "Mimi wa Bukoba. Dada, basi lako limepita mara tatu. Hapa magari huenda kushoto. Umesimama upande wa kurudi."

"Nilikuwa naangalia," nikamwambia.

"Ulikuwa unaangalia nini, jua? Mbona hukuuliza mtu?"

Anaitwa Deusdedit. Anasomea ufundi wa umeme katika chuo kimoja hapa. Ni wa kwanza kuniambia kwamba adhuhuri maduka yote hufungwa na watu hulala, kwa hiyo nisidhani kuna msiba.

Mama nimemwandikia kadi kwa Kiganda kwamba nakula vizuri. Habari za wanajeshi usimwambie. Ni heri ulinifundisha Kiswahili, kwa kuwa hiki hakisomi.

Wako mtiifu,
Damalie Namubiru


Husby
Jumatatu, 29 Juni 1987

Damalie mwanangu,

Hiyo shikamoo mpelekee Domina wa kundi letu la Jumamosi, Mtanzania mwenzake huyo kijana wako. Sisi watu wa Kisumu tukisikia shikamoo tunageuka nyuma kuona ni mzee gani ameingia. Mimi nisalimie tu, nitaitika.

Barua yako nimeisoma kwenye treni kutoka Sundbyberg mpaka nikapitiliza kituo. Pole. Hata mimi sikujua mambo ya huko. Kwenye matangazo ya safari wanaonyesha watu wamelala mchangani wamepakwa mafuta. Hawaonyeshi mapipa.

Huku Stockholm majira ya joto yalifika siku ya Jumanne na kuondoka Alhamisi. Sikukuu yao ya kucheza kuzunguka mti tuliicheza na miavuli. Mama yako alikuja kwangu Jumamosi kama kawaida. Aliketi pale pale pembeni akamenya viazi vyote vya watu kumi, na sisi tukageuza mazungumzo kwa Kiingereza kila tulipomkumbuka. Tukimsahau tunarudi kwa Kiswahili na yeye anaendelea na viazi. Rafiki yangu Mueni husema, "Noeline akiingia mlangoni, Kiswahili kinatoroka dirishani." Kile ulichoniambia, kwamba anakiita lugha ya bunduki, mimi sijamlaumu. Kila mtu na mahali kilipomkuta.

Kuhusu kanuni yake, sikupita barabara ile mwaka ule, siwezi kuisema vibaya. Lakini yule mwanajeshi aliyekuuliza kama umepotea alistahili jibu, na jibu lilikuwa ndiyo.

Huyo Deusdedit ni wa dini gani? Amebakiza miaka mingapi masomoni? Ana mke Bukoba? Maswali haya si yangu, ni ya Mueni. Mimi ninalo moja tu: huko wanauza nini? Ukipita dukani ukumbuke shangazi zako wa Husby wana vichwa vya kufunika, na baridi inarudi.

Mama yako sijamwambia kitu.

Ni mimi,
Anti yako Wilkister


Nikosia
Jumatatu, 6 Julai 1987

Anti Wilkister,

Leo nisamehe salamu. Nimefanya jambo baya na sijui nilirekebishe vipi.

Deusdedit aliniambia wageni wanaruhusiwa kuvuka kwenda ile nusu nyeupe ya ramani, upande wa Waturuki. Kuna njia moja tu, karibu na hoteli ya zamani wanakokaa askari wa Umoja wa Mataifa. Unakwenda asubuhi, unaandika jina, na lazima uwe umerudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sharti ni moja, usirudi na kitu ulichonunua. Alirudia mara mbili. "Kahawa utakunywa, chakula utakula, lakini kitu cha kubeba hapana. Tumeelewana, dada?" Nikasema tumeelewana.

Tulivuka jana. Niliogopa kwenda, na nilipofika kilichonishtua ni kwamba hakuna tofauti. Mawe ni yaleyale, na hata harufu ya mkate. Wazee wameketi kwenye viti vya kamba mlangoni, sawa na wale wa upande wetu. Kutoka barabara ile ya maduka ni hatua mia chache, nasi tulizunguka saa nzima. Tuliufikia msikiti mkubwa ambao zamani ulikuwa kanisa. Mimi nilikuwa kichwa wazi. Mama mmoja anayeuza vitambaa pale nje akaniona nimesimama, akachukua kimoja akanifunga mwenyewe, akanisukuma kwa upole niingie. Pindo lake limeshonwa maua madogo kwa uzi, Anti, hata sindano huoni ilipopita.

Nilipotoka nilitaka kumrudishia, nikashindwa. Deusdedit alikuwa amekwenda kutafuta maji. Nikanunua vinne. Kimoja cha Mama, kimoja chako, kimoja cha Mueni na kimoja changu. Mkoba wangu ni mdogo, umejaa karatasi. Nikaviweka chini kabisa ya mfuko wa Deusdedit, chini ya sweta yangu, vimefungwa kwa gazeti la Kituruki.

Nilikusudia kumwambia. Njia nzima nilikuwa naipanga sentensi, na kila ilipokuwa tayari tulikuwa tumefika kona nyingine. Kisha tukafika kizuizini.

Afisa wa upande wetu aliumwaga mfuko juu ya meza. Chupa, mkate, sweta, gazeti. Akalifungua gazeti taratibu, akavitandaza vitambaa vyote vinne.

"Hivi ni vya nani?" akauliza kwa Kiingereza.

Deusdedit alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa anauliza tu. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Nimeuliza, ni vya nani?"

Nilizishika karatasi zangu kwa mikono miwili. Niliisikia sauti ya Mama kichwani, usiseme, ngoja.

"Vyangu," akasema Deusdedit.

"Vya wanawake? Vinne? Una wake wanne?"

Wenzake wakacheka. Yule afisa hakucheka. Alisema wakati wa baridi waliwashika wanafunzi wanaovusha makoti ya ngozi kuja kuyauza, na kwamba mtu aliyepewa ruhusa ya kusoma hakupewa ruhusa ya kufanya biashara. Akaichukua kadi yake ya mwanafunzi. Deusdedit ametakiwa kufika ofisini kwao Ijumaa tarehe 24, yeye na mkuu wa chuo, ajieleze. Wasiporidhika watamfutia ruhusa na atarudishwa kwao. Amebakiza mwaka mmoja.

Mimi niliambiwa nipite. Hakuna aliyeniuliza lolote.

Tulitembea kando ya ukuta mpaka uwanja wa mabasi. Pale akasimama.

"Vilikuwa vya nani?"

"Vyangu," nikasema.

"Najua. Nilitaka kusikia kama una sauti."

Baadaye akasema hataniomba kitu. Nikitaka kusema, najua atakuwa wapi tarehe 24. Akanionyesha basi langu, akaenda zake kwa miguu.

Usiku wa jana sikulala. Najiambia niende ofisini leo. Kisha nakumbuka ombi letu la uraia liko Stockholm halijajibiwa, na jina langu likiingia kwenye kitabu cha polisi labda Mama ataponzwa pia. Kisha nakumbuka uso wa Deusdedit pale mezani. Anti, nifanye nini? Tafadhali usimwambie Mama. Akijua nilisimama kizuizini nikiwa na kitu cha kukatazwa, atakufa kwa hofu.

Damalie


Husby
Jumapili, 12 Julai 1987

Damalie,

Leo mimi ndiye wa kuomba msamaha. Keti kwanza.

Barua yako ilifika jana, Jumamosi, watu wakiwa wamejaa kwangu. Niliona umeandika kurasa nyingi, nikajua kuna jambo. Nikamvuta Mueni jikoni tuisome. Miwani yake alikuwa ameiacha kazini Kista, basi nikamsomea kwa sauti. Mama yako alikuwa hapo hapo mezani anakata vitunguu. Sikuona shida. Nani angeona shida? Tumesema mambo yetu yote mbele ya mama yako miaka mitano. Tumemsema hata yeye mwenyewe.

Nilifika pale unapoangalia viatu vyako. Nikasikia kisu kimenyamaza.

"Rudia hapo," akasema.

Hakusema kwa Kiingereza, Damalie. Alisema kwa Kiswahili, safi kuliko changu. Mueni aliangusha kifuniko cha chupa ya chai kikazunguka sakafuni muda mrefu, na hakuna aliyekiokota.

"Rudia pale afisa anapouliza ni vya nani."

Nikarudia. Nikasoma mpaka yule kijana aliposema "vyangu." Mama yako akaosha kisu, akakifuta, akakirudisha kwenye droo. Akavaa koti la baridi, Julai hii, akaondoka. Nimekwenda kugonga kwake mara tatu. Taa inawaka, yeye hafungui.

Mueni tangu jana anahesabu yale tuliyowahi kusema mbele yake. Ile siku nilisema anatembea kama mtu anayebeba yai. Ile siku Mueni alisema labda baba yako hakuchukuliwa, alikimbia ule ukimya. Alikuwa akitumenyea viazi huku anasikia kila kitu. Sijawahi kuona haya hivi tangu nizaliwe.

Ulinitaka ushauri. Jana asubuhi ningekupa, na ungekuwa mwingi. Leo naona sijui kitu kuhusu nyumba yenu. Najua tu kwamba tarehe 24 haitasogea, na kwamba vitambaa mimi ndiye niliyeviomba.

Wilkister


Husby
Jumatatu, 13 Julai 1987

Damalie,

Mimi ni mama yako. Naandika kwa lugha hii kwa sababu jambo lenyewe lilitokea kwa lugha hii. Kwa Kiganda nimelisema uongo mara nyingi, kimezoea.

Kiswahili nimekijua tangu utoto. Nilikulia Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kati ya Wajaluo na Wanubi na watu wa Kongo. Tulicheza kwa Kiswahili, tulitukanana kwa Kiswahili. Baba yako hakukijua. Yeye alikuwa na maneno machache tu. Wanajeshi walipoanza kutuuliza maswali barabarani, niliona haya kwamba naelewa. Nikaacha kuelewa.

Siku ile tulikuwa tunakwenda shambani kwa Jjajja, bibi yako, mama wa baba yako Erukana. Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua nyingi. Asubuhi nilinunua gambuti sokoni, viatu vya mpira vya kupalilia kahawa kwenye matope. Mwuzaji aliniambia, mama, uzifiche, siku hizi wanaokamatwa na gambuti wanaitwa watu wa msituni, waasi. Nilimsikia. Nikazinunua, nikazitia chini ya kiti cha gari. Baba yako alikuwa anazungumza na fundi wa gurudumu. Hakujua kama zipo. Nilitaka kumwambia njiani.

Mwanajeshi alizivuta nje. Akauliza, "Hizi ni za nani?"

Baba yako alinitazama.

Zilikuwa namba ndogo, Damalie. Zilikuwa za mwanamke, mtu yeyote angeona. Nilikuwa na maneno yote. Ningesema, ni zangu, afande, ni za shamba, tazama mguu wangu. Labda angecheka. Mimi nilitazama chini.

Erukana akasema, "Zangu." Lilikuwa mojawapo ya yale maneno yake machache.

Wakamwambia azivae. Hazikumwingia. Kila mtu pale aliona hazimwingii. Wakamchukua hivyo hivyo, mguu mmoja umeingia nusu.

Sijui kama ningesema angerudi. Labda wangetuchukua wote wawili na wewe ungebaki peke yako bwenini. Nimejiambia hivyo miaka sita. Inaweza kuwa kweli. Haijanisaidia.

Nilipofika kwa Jjajja peke yangu aliniuliza, nikamwambia Erukana alibeba gambuti na akajibizana na wanajeshi. Akasema, mwanangu amejiua kwa ajili ya viatu. Mpaka leo amemkasirikia. Hata jina lake halitaji kanisani wanapowataja waliokufa. Wewe nilikuambia hayo hayo, kisha nikayafanya kanuni. Nilikufundisha kunyamaza ili niamini kwamba kunyamaza ndiko kulikotuokoa.

Yule kijana yuko hai. Ofisi utaulizia, na kupanda basi unajua. Karatasi zetu za uraia zitangoja. Nenda ukaseme.

Na usiniandikie tena kadi za kuniambia unakula vizuri.

Noeline, mama yako


Nikosia
Jumamosi, 25 Julai 1987

Mama,

Barua yako ilifika Jumamosi iliyopita. Niliisoma kwenye ngazi, nikaisoma tena, nikaifungia sandukuni kama kitu kinachoweza kutoka chenyewe. Wiki nzima sikuweza kukuandikia. Watoto waliniuliza kwa nini nawavalisha viatu huku nalia. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nilifikiria gari lile, na wewe umeketi ndani na maneno yote mdomoni. Kisha nikakumbuka kwamba mimi pia nilikuwa nayo, na kwamba mimi sikuwa mbele ya bunduki. Nilikuwa mbele ya meza.

Jana nilikwenda.

Niliwahi kutoka nyumbani, na njia nilikuwa siijui yote. Niliuliza watu watatu. Mwanamke aliyekuwa anafagia mlango wake alinishika mkono akanipeleka mpaka kona. Nilipofika, Deusdedit alikuwa ameketi kwenye benchi na mkuu wa chuo, amevaa suti nyeusi ambayo mikono yake ni mifupi. Aliniona. Hakusimama.

Ndani kulikuwa na afisa mwingine, mtu mzima, ana miwani. Vitambaa vilikuwa mezani, vimekunjwa vizuri kuliko nilivyovikunja mimi. Nilipomkaribia magoti yangu yalianza kukunjika yenyewe, kama tunavyopiga magoti kuwasalimu wakubwa. Nikaishika meza nikasimama.

"Ni vyangu," nikasema. "Vyote vinne. Niliviweka mimi kwenye mfuko wake. Yeye hakujua."

Afisa alimtazama Deusdedit, kisha akanitazama mimi.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Ni vitambaa tu."

"Nyinyi," nikasema. "Niliwaogopa nyinyi."

Aliweka kalamu chini. Sijui alifikiri nini. Kisha akaichukua tena, akaandika muda mrefu. Mkuu wa chuo alizungumza naye kwa Kigiriki. Mwishowe kadi ya Deusdedit ilirudishwa, pamoja na karatasi ya onyo, kwa sababu alimdanganya afisa. Atamaliza mwaka wake. Mimi jina langu limeandikwa, ruhusa yangu imefupishwa, na natakiwa niwe nimeondoka kabla ya tarehe mbili Agosti. Bi Lindvall hakugomba. Alisema tu kwa Kiswidi kwamba inasikitisha, kisha akaanza kupiga simu kutafuta msichana mwingine. Vitambaa vimebaki huko.

Mkuu wa chuo alinipa mkono mlangoni. Deusdedit hakunipa. Nilimfuata mpaka chini ya ukuta, nikamwambia samahani. Nilidhani atasema si kitu. Wewe na mimi tumezoea watu wanaosema si kitu.

Alisema, "Siku kumi na tisa, Damalie. Kila asubuhi nilikuwa nafungasha vitu vyangu, jioni navitoa. Wewe ulikuwa unaijua nyumba ninayokaa."

Basi lake likaja, akapanda. Sikumkimbilia. Nilisimama pale mpaka adhuhuri, maduka yakafungwa, barabara ikabaki nyeupe kwa jua.

Mama, nilifikiri nikishasema nitakuwa mwepesi. Sivyo. Ila sasa sichoki kwa namna ile ya zamani. Nimekuwa nikimwona Baba katika kila ndoto akiwa mtu mbishi, mtu aliyejiletea balaa, kwa sababu ndivyo mlivyoniambia. Nimemwonea haya baba yangu miaka sita. Shuleni Tensta mwalimu alipotutaka tuandike juu ya mtu tunayempenda, niliandika juu ya paka wa jirani. Yule mtu alikuwa na neno moja la Kiswahili lililomfaa siku ile, akalitumia kwa ajili yako.

Deusdedit anazijua siku zake, amezihesabu. Jjajja hata hajui kwamba kuna kitu cha kuhesabu. Ana miaka themanini na anamkasirikia mwanawe.

Ndege yangu inatua Arlanda tarehe moja, Jumamosi, saa nane mchana. Usije kunipokea. Ningependa uje, lakini usije. Nitapanda basi na treni mwenyewe. Nikifungua mlango nataka nikute barua ya kwenda kwa Jjajja juu ya meza, umeiandika kwa Kiganda, hujaifunga. Nitaisoma kwanza. Nikikuta umeandika kwamba gambuti zilikuwa za Erukana nitaichana, nawe utaanza upya, nami nitaketi hapo mbele yako mpaka umalize. Kisha tutaipeleka posta pamoja.

Mwanao,
Damalie